Zawose, Babu na Daftari Langu

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba kwenu ni Zuzu, atacheka kwanza halafu ndipo akuulize habari. Ati, unatoka kwa mazuzu? Utani huo nimeuzoea tangu shule. Zuzu ni kwetu, pembeni ya mji wa Dodoma, na watu wengi wa mbali wanaijua kwa sababu ya kile kituo cha kupozea umeme kinachotajwa redioni. Sisi wenyewe tunaijua kwa vumbi, kwa mibuyu, kwa uwele na mizabibu, na siku hizi kwa watu wanaokuja na kamba za kupimia viwanja tangu Serikali ilipohamia Dodoma.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Matokeo yalipotoka hayakuwa ya kunipeleka mbele. Nikawa saidia fundi: nachanganya zege, nabeba matofali, jioni naosha saruji mikononi na kufungua daftari. Ndiyo, ndugu msomaji, mimi ni mwandishi wa riwaya. Nasema hivyo ingawa hakuna riwaya yangu hata moja iliyotoka, maana nikisubiri itoke ndipo niseme, naweza kuzeeka kimya.

Riwaya yangu ya kwanza ilijaza kaunta buku mbili. Ilikuwa ya mapenzi, na mambo yote yalitokea Masaki, kwa matajiri. Masaki sijawahi kufika. Mhusika mkuu alikuwa na gari jekundu, na karibu kila sura ilianza yeye akifungua friji. Nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu anayependa vitabu. Baada ya mwezi akanirudishia. Mwishoni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu mistari miwili tu: "Watu wako wanakunywa juisi ya kopo toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwao hakuna maji?"

Nilinuna wiki nzima. Washikaji kijiweni wakadhani nimeachwa na demu. Lakini mwalimu alikuwa amenipata. Nilikuwa nimeandika kurasa mia mbili na hamsini, na hakuna hata moja ambayo mtu wa Zuzu angeweza kupita akaacha nyayo.

Sasa nikueleze nilivyokutana na Zawose. Ilikuwa mwaka 2022, kwenye nyumba moja tuliyokuwa tunaimalizia. Alikuwepo fundi rangi, mtu mzima wa Bagamoyo, ambaye hawezi kupaka ukuta bila muziki. Alikuwa na spika ndogo ya kuchomeka kadi. Asubuhi taarabu, mchana msondo, jioni chochote. Siku hiyo jioni ikaanza sauti ya vyuma vinavyodundwa, vinalia na kunong'ona kwa pamoja kama nyuki ndani ya mzinga. Halafu akaingia mtu anayeimba. Kwanza chini kabisa, kama mzee anayekohoa. Mara akapanda juu mpaka nikadhani ni mwanamke amepokea wimbo, kumbe ni yeye yule.

Na maneno yalikuwa Kigogo. Cha nyumbani kabisa.

Nikauliza, "Huyo nani, fundi?"

Fundi akashusha brashi. "Wewe si Mgogo wewe?"

"Mgogo."

"Halafu humjui Zawose?" Akawaita wenzake. "Jamani, njooni mumwone Mgogo asiyemjua Zawose!"

Walicheka mpaka saa ya kufunga kazi. Nikajisemea moyoni, leo nimekuwa zuzu kweli. Lakini si kicheko kilichoniumiza. Sauti ile ya vyuma niliijua. Niliijua kuliko yeyote pale, na sababu yake nitaieleza. Usinikimbize.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta huyu mzee kama mtu anayemtafuta ndugu aliyepotea. Nikauliza wazee, nikasoma kila kilichonifikia. Nitakueleza niliyoyapata, maana vijana wengi tunaotaka kuwa wasanii tunawajua wasanii wa Marekani mpaka majina ya mbwa wao, lakini wa kwetu hatuna habari nao.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, hukuhuku Dodoma. Muziki aliupata nyumbani, kwa baba yake, na kwenye kuchunga ng'ombe, mahali ambapo mtoto ana siku nzima ya kuimba na hakuna wa kumwambia anyamaze. Alipiga ilimba na zeze. Kwa asiyeijua, ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma juu yake, unazipiga kwa vidole gumba. Ya Wagogo huwa kubwa, yenye ndimi nyingi. Kwenye tundu lake hubandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake ukutani. Huo utando ndio unaofanya sauti inong'one. Watu wanadhani ni uchawi, kumbe ni buibui.

Hayo ndiyo maisha ya kwanza ya Zawose: mchunga ng'ombe anayeimba. Angeweza kuishia hapo, na tusingelijua jina lake nje ya Ugogo.

Maisha ya pili yalianza Mwalimu Nyerere alipomwita Dar es Salaam. Nchi ilikuwa changa, na Mwalimu alitaka taifa liwe na utamaduni wake lenyewe. Kwa hiyo mtu wa ilimba, aliyejifunzia kwenye malisho, akawa msanii wa Serikali. Aliimba habari za nchi na viongozi, mbele ya wageni na mikutanoni. Kuna watu siku hizi wanabeza nyimbo za namna hiyo. Na mimi nilibeza kidogo, mpaka nilipojiuliza: mtoto wa Doduma, anasimama mbele ya taifa zima anaimba kwa mtindo wa kwao, na taifa linakaa kimya kumsikiliza. Hilo ni jambo dogo?

Maisha ya tatu ni Bagamoyo. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa pale, hiki ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Zawose akawa mwalimu. Fikiria mambo hayo. Mtu wa bara, wa nchi ya ukame ambako mvua ni habari ya redioni, anahamia pwani kwenye minazi, anafundisha vijana wa makabila yote. Huko ndiko alikojenga, akakuza ukoo mkubwa wa wapiga muziki. Hakurudi Doduma kukaa.

Maisha ya nne yalikuwa ya kuzunguka dunia. Katika miaka ya 1980 santuri yake iitwayo Tanzania Yetu ilitolewa Uingereza. Akapanda majukwaa ya WOMAD, lile tamasha ambalo mwanamuziki wa roki, Peter Gabriel, alikuwa mmoja wa walioliasisi. Mwaka 1996 kampuni ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu ya Zawose iitwayo Chibite. Studio za kampuni hiyo ziko kijijini, mahali panapoitwa Box. Kwa hiyo hata wao Wazungu, wakitaka muziki mzuri, wanatoka mjini.

Wakati huo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshatoa kazi za Mtanzania mwingine, Remmy Ongala. Remmy naye alikuwa mtu wa maisha mengi: mzaliwa wa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar, akapiga Makassy, halafu Matimila, na mwishoni mwa maisha yake akageukia nyimbo za Injili. Alifariki mwaka 2010. Lakini Remmy tulimjua wote, mpaka kituo cha daladala kule Sinza kinaitwa kwa jina lake. Zawose, mimi niliye jirani yake wa kuzaliwa, nilitambulishwa na fundi rangi.

Na maisha ya tano ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, Zawose alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada. Humo kuna gitaa la umeme na mitambo ya studio. Fundi rangi alinipigia siku moja, nikasema hapana, hapa wamemharibu mzee. Ilimba iko nyuma, umeme uko mbele. Nikarudia. Mara ya nne ndipo nikaanza kusikia: mitambo ile yote ilikuwa inamzunguka yeye kama ng'ombe wanavyomzunguka mchunga. Alikuwa anaimba vilevile, hajabadilisha hata pumzi. Mwaka huohuo alipanda jukwaani Marekani katika ziara ya Peter Gabriel, mbele ya maelfu ya watu ambao Doduma hawawezi hata kuitamka.

Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba, 2003. Mwaka uliofuata akafariki Charles Zawose, ndugu yake aliyekuwa akipiga naye.

Nikajiuliza, ni yupi Zawose wa kweli? Yule mchunga? Yule wa Mwalimu? Yule wa Brook? Nilitaka sana jibu liwe "yule mchunga", kwa sababu lingekuwa jibu rahisi kwangu: kaa Zuzu, andika Zuzu, mambo yamekwisha. Lakini maisha ya mzee huyu hayasemi hivyo. Yeye aliondoka. Aliondoka mapema, akaondoka mbali, na kila alikofika aliwakubali watu wa huko, hata mitambo yao. Ila kila alikofika alifungua mdomo ukatoka Ugogo.

Mimi nilifanya kinyume chake. Nilibaki hapahapa, lakini kila nilipofungua daftari ilitoka Masaki.

Sasa nifike kwenye lile nililokuahidi.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa na ilimba. Aliichonga mwenyewe ujanani, ndimi zake akazifua kutoka kwenye misumari mikubwa na nondo za mwavuli. Jioni alikaa chini ya mti karibu na barabara akapiga. Tulikuwa wajukuu wengi, lakini aliyekaa naye ni mmoja: binamu yangu, mtoto wa shangazi, tuliyelingana kwa umri. Huyo alikuwa anaweza kuwa na njaa asijue, mradi ameshika ilimba. Babu alikuwa ameshaanza kumfundisha.

Mwaka 2018, nikiwa kidato cha tatu, kuna wenzangu wa mjini walikuja nyumbani, mmoja wao msichana. Wakamkuta babu anapiga na kuimba, hana shati, na mguuni kafunga njuga. Walicheka. Msichana yule hata hakucheka sana, alitabasamu tu, lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke. Usiku ule nikaichukua ilimba, nikaificha stoo nyuma ya magunia ya uwele. Nilisema moyoni, ni kwa muda tu, mpaka shule zifungwe.

Babu aliitafuta siku tatu. Siku ya nne akaacha kutafuta. Kwa nini? Kwa sababu alishaamua ni nani aliyeichukua. Nani mwingine angeitaka? Binamu yangu aliapa, akalia. Babu hakumpiga wala hakumtukana. Alimwacha tu. Kijana akija, babu anaingia ndani. Akisalimia, babu anaitikia huku anaangalia pembeni. Baada ya miezi michache binamu akaacha kuja.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa naona yote. Kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kila kesho uongo ulikuwa umenenepa zaidi. Nilipokwenda kuitoa stoo mwishoni mwa mwaka, mchwa walikuwa wamemaliza sanduku. Nilishika mavumbi. Zilibaki ndimi za chuma, nikazifunga kwenye kitambaa, nikazificha tena.

Kwa hiyo siku ile fundi rangi alipowasha spika, wenzangu walidhani nimeona aibu ya kutomjua Zawose. Mimi nilikuwa nasikia ilimba ya babu inalia kutoka kaburini kwake.

Unajua ilinichukua muda gani kusema? Miaka mitatu mingine! Usidhani kusikiliza muziki kunampa mtu ujasiri palepale. Nilisema mwaka 2025, Jumapili moja mchana, babu akiwa amekaa palepale chini ya mti.

Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Nikaweka kile kitambaa mbele yake, nikakifungua.

Aliziangalia ndimi kwa muda mrefu. Akaichukua moja, akaipitisha kidoleni. Nikaeleza yote, mpaka habari ya yule msichana. Nilitegemea atanigombeza. Nilitegemea hata atasema alijua siku zote, kama wazee wanavyofanya kwenye hadithi tunazoandika. Hakujua. Nilimwona hakujua. Mdomo wake ulitetemeka, akasema neno moja tu, jina la binamu yangu.

Halafu akasema, "Nenda kamlete."

Binamu anaendesha bodaboda mjini. Nilimkuta kijiweni, amekalia pikipiki anakula mahindi ya kuchoma. Nikamweleza wima, mbele ya wenzake, maana niliona nisipomweleza hapo sitamweleza. Binamu kwetu ni mtani, kwa hiyo kwanza alicheka. Akasema, "Kumbe mwizi ni msomi!" Wenzake wakacheka. Kisha kicheko kikamkauka. Akasema polepole, "Miaka saba nampita babu yangu barabarani kama nampita trafiki."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Hakuja siku hiyo. Alikuja baada ya wiki tatu, amefunga ubao wa mninga nyuma ya pikipiki. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja kwa babu, akapiga goti. Sikusogea, nikabaki jikoni na bibi. Mambo waliyozungumza ni yao, sitayaandika.

Wamechonga sanduku jipya. Babu mikono yake haina nguvu, anaelekeza tu, binamu anachonga. Ndimi zilikuwa thelathini na nne. Babu anasema awali zilikuwa thelathini na sita, kwa hiyo mbili zimefuliwa upya kutoka kwenye spoki za pikipiki. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta utando wa buibui. Nilizunguka kuta zote za nyumba na banda la mbuzi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuistahili.

Sauti si ile ya zamani. Babu anasema hivyo bila kuficha: hii inalia juu zaidi, inang'aa mno. Lakini anaipiga. Anapochoka anampa binamu. Jioni moja niliwapigia albamu ya Zawose na Brook kwenye simu yangu. Babu alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo wa umeme ni mtoto wake?" Nikasema hapana, ni Mzungu wa Kanada. Babu akasema, "Amemsikiliza vizuri." Hakuongeza kitu.

Ukoo wa Zawose nao haujanyamaza. Msafiri, mtoto wa mzee, alitoa albamu yake Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha. Wanawake wa ukoo ule zamani walikuwa wakiitikia nyuma. Sasa wao ndio wanaoanzisha wimbo.

Na mimi je? Bado ni saidia fundi. Binamu ananiitikia salamu, lakini utani haujarudi, na kwa mila zetu mtani asipokutania ujue bado kuna deni. Ninalilipa kidogo kidogo. Akipata abiria wa Zuzu huja jioni, mimi nachota maji ya kuoshea pikipiki.

Nimeanza kaunta buku mpya. Inaanza na kijana wa bodaboda anayepita mbele ya nyumba ya babu yake bila kupiga honi. Nimeshaandika sura nne na hakuna friji. Kigogo kinaingia pale kinapotaka kuingia, na wala sikiombei radhi. Labda kesho nitaandika habari za Masaki tena, au za Kanada, nani ajuaye. Zawose hakukatazwa kwenda.

Wewe mwenzangu unayeandika usiku kwa tochi ya simu, sina la kukufundisha, mimi mwenyewe bado nafundishwa. Nina swali tu, lilelile la mwalimu wangu wa kalamu nyekundu. Hao watu wako, kwao hakuna maji?